Mlima Uliopandwa Kinyumenyume

Nchi ninayoisimulia haipo. Niliwahi kuitafuta kwenye ramani ya shule yetu, nikakuta pale ilipopaswa kuwa, panya ametoboa. Kwa hiyo niko salama. Ukiona kitu humu kinafanana na cha kwenu, shauri yako na kwenu, mimi usinitaje.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo kuna sheria nyingi ambazo hazifuatwi, na moja ambayo inafuatwa hata na mbuzi: ni marufuku kumwonyesha kiongozi mgongo. Wanasema ilianza siku ambayo mkubwa mmoja wa zamani alihutubia uwanjani tangu asubuhi, na harufu ya chakula cha mchana ilipoanza kutoka majumbani, watu wakaanza kuchomoka mmojammoja. Yule mkubwa hakukasirika hata kidogo. Alisema tu kwamba anawapenda sana wananchi wake na angependa kuziona nyuso zao wakati wote, hata wakati wanakwenda makwao. Kesho yake ikawa sheria.

Tangu hapo, ukimaliza shida yako kwenye ofisi ya mkubwa unatoka kinyumenyume, umeinama, unautafuta mlango kwa makalio. Hospitali kuu ina wodi nzima ya visogo. Na kwa kuwa mitaro ya mjini haifunikwi, daktari wa mifupa hajawahi kwenda likizo. Shuleni kuna somo lake kabisa, Kwenda Kinyumenyume, nadharia na vitendo. Mimi nimemaliza kidato cha nne na hilo ndilo somo pekee nililofaulu. Hesabu chali, jiografia chali, ila kinyumenyume mwalimu alinipa mkono. Ajira bado sijapata. Wananiambia nafasi zipo, nisubiri.

Sisi tunakaa Kileleni, mtaa ulio juu ya mlima, juu kabisa, mahali ambapo barabara inachoka na kuacha. Hatuna maji. Tuna kila kitu kingine kinachohusu maji: tuna mwenyekiti wa kamati ya maji, tuna bango la mradi wa maji, tuna Wiki ya Maji kila mwaka pamoja na ngoma. Maji yenyewe yako Bondeni, kwenye bomba moja linalotoa maji asubuhi na kufungwa jua likiwa utosini.

Anayetuletea ni dada yangu Sikitu. Ana baiskeli ya chuma cha zamani, kubwa, imeongezwa keria ya nondo, na kwenye hiyo keria hufunga madumu kwa mipira ya matairi mpaka baiskeli inaonekana kama punda mwenye mimba ya mapacha. Anashuka mtupu, anapanda amebeba. Kwanza maji ya nyumbani kwa bibi yetu, halafu ya zahanati. Zahanati yetu ni nzuri, ina rangi mpya na picha ya Mheshimiwa Waziri, ila mjamzito akienda kujifungua anaambiwa aje na dumu lake. Wasioweza kubeba, Sikitu huwabebea. Siku akiugua yeye, watoto wa Kileleni huzaliwa wakavu.

Siku moja nilimkuta amekaa kibarazani anajikanda magoti kwa mafuta ya taa.

"Dada, wewe ukitajirika utanunua nini?" nikamuuliza, kumchokoza tu.

"Sitaki kununua kitu."

"Sema bwana."

Akafikiri. "Nataka niamke asubuhi, nifungue koki, halafu nikasirike kwa sababu maji ni ya baridi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

*

Basi gari la matangazo likaja. Tulijua limekuja kwa sababu vumbi lilitangulia. Juu yake alikuwa amesimama Bwana Shemhilu, Afisa Itifaki wa Wizara, mtu mwembamba mwenye suti ambayo ilikuwa imeshonwa mbele tu kwa umakini, maana nyuma haikuwahi kuonekana na yeyote aliyemzidi cheo.

"Ndugu wananchi!" akasema kwenye kipaza sauti. "Hatua ya mwisho ya Mzunguko Mkuu wa Taifa, mashindano ya baiskeli yanayotazamwa na dunia nzima, itamalizikia hapa kwenu! Kwa nini hapa? Kwa sababu Kileleni mna mandhari yanayopendeza sana yakitazamwa kutoka kwenye helikopta!"

Bibi yetu, Bi. Nambunga, ambaye ana masikio mabovu ila huwa yanapona akitaka, akauliza: "Na sisi tuliomo ndani ya hayo mandhari?"

"Nyumba zenu zitapakwa chokaa, bibi."

"Zote?"

"Upande wa barabarani."

Akaendelea. Wale waendeshaji wa kulipwa, watu wa baiskeli nyepesi na suruali za kubana, watafika mchana. Lakini Serikali imeona si vizuri wananchi wakae pembeni kama mawe. Kwa hiyo kabla ya hao wa kulipwa kutakuwa na Mbio za Ridhaa. Mwananchi yeyote mwenye baiskeli ataanzia Bondeni na kuupanda mlima uleule, mpaka kwenye mstari uleule wa kumalizia. Sharti ni moja: mtu na baiskeli yake wafike pamoja. Anayetaka kukanyaga, akanyage. Anayetaka kusukuma, asukume.

"Na zawadi!" akapaza sauti. "Mtaa wa mshindi utaletewa maji ya bomba! Hii ni ahadi ya Mheshimiwa Dokta Kabwogi mwenyewe, Waziri wa Michezo, Maji na Mengineyo!"

Mtaa mzima ukamgeukia Sikitu. Sikitu alikuwa ndiyo kwanza amefika, jasho linamchuruzika, madumu bado yako kwenye keria. Akalitazama gari la matangazo, akautazama mlima aliotoka kuupanda muda huohuo, kama anavyoupanda siku zote za Mungu.

"Yaani," akasema polepole, "nipande huu?"

"Huuhuu."

"Bila madumu?"

"Bila kitu chochote, dada."

Akaanza kutabasamu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana mwanya.

*

Maandalizi yalikuwa makubwa. Chokaa ikapakwa upande mmoja wa nyumba, na mbuzi wa mzee jirani, kwa vile alikuwa amelala barabarani, naye akapakwa upande mmoja. Shimo lililokaa pale kona ya msikiti tangu mimi sijazaliwa likafukiwa kwa usiku mmoja, watu wazima wakawa wanajikwaa pale kwa kulikosa.

Halafu likaja boza. Boza la maji, jipya, linang'aa, linapanda mlima huku linanguruma. Akina mama wakatoka na ndoo. Wakapanga foleni bila kuambiwa, maana nchi ile ukiona kitu kimesimama unapanga foleni kwanza, unauliza baadaye. Boza likasimama. Kijana akashuka, akavuta mpira, akaanza kuosha barabara.

"Kaka," Bi. Nambunga akamwambia, "umekosea. Midomo iko huku."

"Bibi, haya ni maji ya lami. Lami ikiwa na vumbi wageni watateleza."

"Sisi tukiwa na kiu je?"

"Nyinyi hamtelezi," akajibu yule kijana, na wala hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyoelekezwa kazini.

Maji yakashuka mlimani yote, mazuri, meupe, yakapita milangoni kwetu yakirudi Bondeni yalikotoka. Sikitu akayatazama yanavyoshuka. Alijua kila kona yalipopita, maana ni yeye aliyeyapandisha mengine kama hayo kwa magoti yake.

"Wacha yashuke," akasema. "Nitayarudisha kwa bomba."

*

Siku ya siku tukashuka Bondeni alfajiri. Ilikuwa umati: wauza mkate, wauza mkaa, mafundi cherehani, mwalimu mkuu, padre mmoja na baiskeli ya kike. Mimi nilikuwa na baiskeli ya kuazima isiyo na breki. Mwenyewe aliniambia kwa kupanda mlima breki ni anasa. Sikitu alikuwa mstari wa mbele kabisa, amefunga kanga kiunoni, keria tupu. Kila mara alikuwa anageuka kuitazama ile keria, kama mama aliyeacha mtoto nyumbani.

Hapo ndipo king'ora kikalia, na Mheshimiwa Dokta Kabwogi akashuka garini amevaa kofia ya baiskeli, suruali ya kubana, na tumbo.

"Ndugu zangu," akasema, "wapo viongozi wanaowaambia wananchi endesheni baiskeli huku wao wanapanda magari. Mimi si kiongozi wa aina hiyo. Leo na mimi nashindana! Nakanyaga na nyinyi, natoka jasho na nyinyi, napumua na nyinyi!"

Tukapiga makofi. Nani asingepiga? Alikuwa mtu wa kwanza mwenye cheo kutuahidi kupumua na sisi.

Wakamletea baiskeli. Walinzi wawili wakaishika, mmoja kila upande, wakampandisha, wakamweka mbele yetu wote. Bwana Shemhilu akapanda pikipiki, amekaa akitazama nyuma ili asimpe mkubwa mgongo, dereva wake naye amekaa vivyo hivyo, anaendesha kwa kutazama kioo. Bunduki ikapigwa. Mheshimiwa akaanza kukanyaga.

Na sisi tukaanza kuelewa.

Ukimpita mtu kwa baiskeli, ukishampita tu, anaona nini? Mgongo wako. Hakuna namna. Hivyo ndivyo baiskeli zilivyotengenezwa, hazikututazamia sisi. Muuza mkate mmoja mwenye damu ya moto akatoka pembeni ampite, Bwana Shemhilu akapiga filimbi mpaka ikamkwama kooni.

"Wewe! Unataka kumpa Mheshimiwa mgongo?"

"Samahani mkubwa, nilikuwa nashindana."

"Shindana ukiwa nyuma!"

Basi tukashindana tukiwa nyuma. Mheshimiwa alikuwa anakwenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka. Ukikanyaga unamgonga, usipokanyaga unaanguka. Mwalimu mkuu akaanguka. Padre akaanguka akiwa anawaombea walioanguka. Kuku mmoja alivuka barabara mbele yetu, akaenda, akarudi, akaenda tena. Jua likapanda, maana lenyewe halikuwa na mtu wa kumheshimu.

Sikitu alikuwa nyuma tu ya Mheshimiwa, pua yake iko kwenye suruali ya Serikali. Nikamsogelea.

"Dada, vipi?"

"Ningekuwa nimeshafika," akasema huku ameuma meno. "Nikiwa na madumu ningekuwa nimeshafika, nimemwaga, nimeshuka tena."

Kufika nusu ya mlima Mheshimiwa akasimama. Akasema anataka kutafakari kidogo kuhusu vijana. Walinzi wakamfunulia mwavuli, wakampa maji ya chupa, akanywa nusu, nusu akajimwagia kichwani. Akina mama waliokuwa pembeni wakayafuata yale matone kwa macho mpaka yakaisha.

Halafu akiwa palepale juu ya baiskeli, ameshikiliwa huku na huku, akasinzia.

*

Sasa wale wa kulipwa hawakuwa na habari. Walianza safari yao mikoani huko, wametoka mbio siku zote hizo, na hatua ya mwisho ilikuwa iamue nani bingwa. Tukawasikia kabla ya kuwaona: mlio kama wa nyuki. Halafu wakatokeza kwenye kona, kundi zima, rangi kama kasuku, na aliyekuwa mbele ni mzungu mmoja mrefu mwenye jezi ya njano. Breki zikalia. Wakapandana. Helikopta ikashuka kutazama mandhari.

Yule wa jezi ya njano akaja mpaka mbele, mwekundu kama nyanya, akatoa hotuba ndefu kwa lugha yao, mikono inakwenda, mate yanakwenda, akaonyesha mbingu, akaonyesha Mheshimiwa, akapiga teke hewani.

Mkalimani wa Wizara akasikiliza kwa makini mpaka mwisho. "Anasema anaipenda sana nchi yetu."

"Mwambie asubiri," akasema Bwana Shemhilu. "Mheshimiwa anatafakari."

Basi ikawa hivyo. Mlima mzima umejaa baiskeli, za ridhaa na za kulipwa, zimesimama nyuma ya mtu mmoja anayekoroma. Dunia nzima inatazama. Watangazaji wa redio, kwa kukosa cha kusema, wakawa wanasoma hali ya hewa. Na kule juu, mtu akiinua macho, aliuona mstari wa kumalizia na utepe wake, na watu wa Kileleni wamejipanga kandokando na ndoo. Walikuja na ndoo. Sijui walidhani nini. Nadhani walidhani mshindi akishafika tu maji yatatoka hapohapo.

Sikitu naye aliziona zile ndoo.

Akashuka kwenye baiskeli yake. Akaigeuza ikatazama chini. Akaenda pembeni ya Mheshimiwa, uso kwa uso na lile koromo, akainama kwa adabu zote tulizofundishwa darasa la kwanza, akashika usukani kwa mikono miwili. Na huku bado ameinama, bado anamtazama, akaanza kupanda mlima kinyumenyume, anaivuta baiskeli nyuma yake, yaani mbele yake, sijui niseme vipi. Nyinyi mmeelewa.

Bwana Shemhilu akatia filimbi mdomoni. Akaitoa. Akaitia tena.

"Wewe mwanamke! Unafanya nini?"

"Namheshimu Mheshimiwa," akajibu Sikitu, hajasimama.

"Unampita!"

"Mkubwa, umeuona mgongo wangu?"

Bwana Shemhilu akatazama vizuri. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria haikuwa imevunjwa mahali popote. Mtu na baiskeli yake walikuwa pamoja, na uso ulikuwa umeelekea kunakotakiwa. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, nadhani, akakosa la kukataza.

Basi sote tukashuka, tukageuza.

Ndugu zangu, ile ndiyo siku niliyoelewa kwa nini nilisomeshwa. Mlima mzima uliinama! Wauza mkaa, mafundi cherehani, padre, wote wanapanda kwa visigino, nyuso chini, makalio juu, kama watu wanaoomba radhi kwa bonde. Wale wa kulipwa wakatazamana, halafu mmoja akageuza baiskeli yake ya bei mbaya, na wengine wakafuata. Lakini hawakulisoma lile somo. Wanaanguka ovyo, wanajikwaa kwenye pedali zao wenyewe. Nilimpita yule wa jezi ya njano, bingwa mzima, kona ya msikiti, akiwa kwenye mtaro. Nikampa pole. Uso wangu aliuona vizuri.

Sikitu hakushikika. Kwenye ule mwinuko mkali madumu yakimzidi huwa anaivuta baiskeli vilevile, kinyumenyume, mara ngapi nimemkuta. Utepe ukamgusa mgongoni. Akauona ukianguka miguuni pake upande wa pili.

Watu wa Kileleni hawakushangilia kwanza. Walisimama tu na ndoo zao. Halafu Bi. Nambunga akapiga ndoo yake kwa kofi, mara moja, ikalia, na mwingine akapiga yake, ikawa kelele ya ndoo tupu mlima mzima. Mimi nimeshasikia bendi ya polisi, nimesikia kwaya ya taifa. Sijasikia kitu kama kile.

Sikitu alikaa chini katikati ya barabara. "Koki nitaiweka dirishani," akaniambia. "Upande wa jua."

*

Kamati ya Matokeo ilikaa palepale chini ya hema. Mheshimiwa alikuwa ameshaamka, akashtuka kukuta mlima mtupu, walinzi wakamsukuma na baiskeli yake mpaka juu, akavuka mstari akipunga mkono. Mwenyekiti wa Kamati, ambaye alikuwa na miwani miwili, mmoja wa kusomea na mmoja wa kutosomea, akasimama.

"Kamati," akasema, "imechunguza picha za helikopta kwa kina. Mashindano ni nini? Ni mwendo wa kuelekea mwisho. Je, huyu ndugu Sikitu alikuwa ameelekea wapi? Picha zinaonyesha wazi kwamba alikuwa ameelekea mwanzo. Uso wake, kifua chake, hata taa ya baiskeli yake, vyote vilielekea Bondeni. Mtu aliyeelekea mwanzo hawezi kusemwa amefika mwisho. Kwa lugha ya kitaalamu, huyu bado hajaondoka."

Tukaitafakari hoja. Ilikuwa na mantiki. Ndiyo shida ya wasomi wetu, mambo yao huwa na mantiki.

"Vilevile wale wa kulipwa, wote, waliingia wakiwa wameelekea mwanzo. Hivyo nao hawajaondoka. Kamati imemtafuta mtu ambaye alivuka mstari akiwa ameelekea mbele, kifua wazi, macho kwenye mustakabali wa taifa. Imempata mmoja."

Wakamvika Mheshimiwa jezi ya njano. Ilikuwa ya yule mzungu, ikamfika kwenye kitovu ikakataa. Akalia machozi. Akasema hakutegemea kushinda Mbio za Ridhaa na Mzunguko Mkuu kwa siku moja, na kwamba ushindi ule si wake, ni wa wanyonge. Na kwa kuwa sheria ni sheria na yeye hataki upendeleo, mtaa wa mshindi utaletewa maji kama ilivyoahidiwa.

Mtaa wa Mheshimiwa unaitwa Bustanini. Uko upande wa pili wa mlima. Huko majani humwagiliwa maji hata mvua ikinyesha.

Yule mzungu akaongea tena kwa muda mrefu. Mkalimani akasema anaondoka leo jioni ila amejifunza mengi.

Sikitu akapewa fulana yenye uso wa Mheshimiwa, kwa kutambua ushiriki wake. Akasema ahsante. Akaikunja vizuri, akaikunja tena, akaizungusha ikawa ngata ya kichwani. Kisha akarudi nyumbani akafunga madumu kwenye keria, maana asubuhi ya kesho ingekuja tu na zahanati ilikuwa na watu.

*

Nisiseme uongo, bomba lilijengwa. Tena haraka. Wahandisi walipima wakakuta kwamba maji yakitaka kwenda Bustanini kwa nguvu lazima yatokee juu, na juu ni kwetu. Kwa hiyo tangi likajengwa Kileleni, kubwa, jeupe, limezungushiwa seng'enge na mlinzi, na bomba likapita chini ya nyumba zetu kwenda upande wa pili. Ukilaza sikio kwenye sakafu ya bibi unayasikia maji yanavyopita. Watoto walifanya mchezo. Bi. Nambunga alihamisha kitanda.

Siku ya uzinduzi tukaitwa tukae mbele ya tangi. Mheshimiwa akaja na ile jezi. Sasa hivi amekuwa Waziri wa Michezo, Maji, Mengineyo na Yaliyobaki. Akahutubia.

"Ndugu zangu wa Kileleni, mna bahati gani! Wenzenu wanayaona maji tu. Nyinyi mnayalinda! Nani kati yenu angependa kuwa mtumiaji tu, wakati anaweza kuwa mlezi wa maji?"

Tukapiga makofi. Jua likapanda. Akaingia kwenye historia ya maji, akaanzia kabla ya gharika. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na Sikitu, yeye na baiskeli yake, madumu matupu yamefungwa. Nikamwona anatazama kivuli chake. Kilikuwa kimefupika mpaka karibu na vidole. Bomba la Bondeni hufungwa jua likiwa utosini.

Alichoka tu, unajua, kuchoka kule ambako hata hasira inaona uvivu kuja. Akaiweka ile ngata sawa kichwani, uso wa Mheshimiwa umekunjika humo ndani, akageuza baiskeli, akageuka na yeye.

Akampa mgongo.

Mgongo wenyewe ulikuwa na chumvi ya jasho iliyokauka, na kanga iliyochanika begani. Akaanza kushuka.

Bi. Nambunga akaokota ndoo yake akamfuata. Akafuata muuza mkaa. Akafuata mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, naye mtoto ndiye pekee aliyeendelea kumtazama Mheshimiwa. Mimi nikafuata. Ukawa mtaa mzima, migongo mitupu, ya viraka, ya makovu ya mikanda ya madumu, inashuka.

"Mnafanya nini?" Bwana Shemhilu akapiga kelele, sauti imempasuka. "Haya ni maandamano! Mnampa Mheshimiwa mgongo!"

Sikitu hakugeuka. "Bwana Itifaki," akasema, "maji yako huku."

"Polisi! Wakamateni!"

Na polisi walikuwepo wengi tu. Lakini walikuwa wamejipanga mbele ya jukwaa, wamemwelekea Mheshimiwa, wamekakamaa. Ili watukimbize ilibidi wageuke. Na wakigeuka, Mheshimiwa angeona nini? Wakatazamana kwa pembe za macho. Mwishowe mkubwa wao akatoa amri, na kikosi kizima kikaanza kutufukuza kinyumenyume, kwa gwaride, kisigino kwanza.

Walipofika Bondeni tulikuwa tumeshajaza na bomba limefungwa. Kofia zimepotea njiani, mmoja anachechemea. Yule mkubwa wao akasimama akiwa ametupatia kisogo, anaangalia juu kwa Mheshimiwa, akanyoosha mkono nyuma.

"Niko chini ya ulinzi?" Sikitu akamuuliza.

"Nipe maji kwanza," akasema yule polisi.

Akampa. Akanywa bila kugeuka. Akaomba mengine.

Halafu tukafunga mizigo yetu, tukaanza kupanda. Kule juu Mheshimiwa alikuwa bado anahutubia, tulimsikia, alikuwa amefika kwa Nuhu. Na kwa kuwa tulikuwa tunapanda, sasa tulikuwa tumemwelekea wote, nyuso wazi, vifua mbele, tumeinama kwa ajili ya uzito. Bwana Shemhilu akatuona, akafuta jasho, akakaa.

Jioni redio ilisema kwamba wananchi wa Kileleni waliguswa sana na hotuba, kiasi kwamba walishuka mlima mzima na kuupanda upya ili waje waisikilize tena.

Ni kweli tulirudi. Ndiko tunakoishi.